Kiboko wa Bwawa la Kiwambale

Nchi ya Mustarehe haiko mbali sana, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu siku ramani ilipochorwa maofisa wake wote walikuwa likizo. Ni nchi tulivu, yenye pwani ndefu na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi cha kutotaka kuwaacha peke yao hata kidogo. Mwaka huo serikali iligundua kwamba wananchi wamechoka. Haikuuliza wamechoshwa na nini, maana huko kungekuwa kuingilia mambo ya ndani ya watu. Ilitangaza tu Mwaka wa Mapumziko ya Lazima. Kila raia mwenye akili timamu aliagizwa atoke nje, atembee penye miti na maji, atazame ndege na wanyama, kisha afurahi. Atakayekutwa amejifungia nyumbani kwake Jumamosi bila sababu ya msingi angechukuliwa hatua kali za kustareheshwa.

Kazi ya kusimamia furaha hiyo ilimwangukia Bwana Hamdani Shebwana, Mkurugenzi wa Burudani za Nje katika Wizara ya Raha na Utulivu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na sauti ya upole, na alikuwa na tabia moja iliyomfikisha pale alipofika: hakuwahi kumwambia mkubwa neno "hapana". Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Neno lenyewe lilikuwa likianza safari vizuri tumboni, likifika kooni linageuka, na likitoka mdomoni linakuwa "ndiyo, Mheshimiwa".

Siku ya kikao cha maandalizi, Waziri wake, Mheshimiwa Lubawa Tindo, alikuwa akitafuta mahali pa kuzindulia mapumziko. Mtukufu Rais mwenyewe, Mpumzishaji Mkuu wa Taifa, angekuja kupumzika mbele ya wananchi ili waone inavyofanywa.

"Hamdani," Waziri alisema, "kwenu Kiwambale si kuna bwawa?"

"Lipo, Mheshimiwa. Karibu kabisa na bahari."

"Lina nini?"

Hamdani alilijua bwawa lile kama anavyojua chumba chake. Akaeleza. Akaeleza mikoko inayosimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha suruali wasilowe. Akaeleza yangeyange weupe wanaotua jioni, mdiria anayejitupa majini kama jiwe la rangi na kutoka na samaki, kaa wa kiume wenye gando moja kubwa wanaolipunga kutwa nzima kuwaita majike, na visamaki vya matopeni vinavyopanda mizizi na kukaa pale vikitazama dunia kwa macho ya mshangao. Alieleza mpaka akajisahau, akatabasamu.

Waziri akapiga miayo. "Wanyama wakubwa?"

"Mheshimiwa?"

"Mtukufu hawezi kuondoka Ikulu na msafara mzima kwenda kutazama kaa. Viboko wapo?"

Katika maisha yake yote Hamdani hakuwahi kuona kiboko Kiwambale, wala baba yake, wala babu yake. Akafungua kinywa aseme hapana.

"Wapo, Mheshimiwa."

"Wengi?"

"Wa kutosha."

Waziri akapiga meza kwa furaha, wote wakapiga makofi, na mhudumu akaongeza chai. Garini, akirudi nyumbani, Hamdani alihisi kitu kimemkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Akajiambia kwamba ni kineno kidogo tu, na kwamba viboko ni wanyama wa kuhamahama. Huenda wakahamia.

*

Kineno kidogo kile kilipofika Kiwambale kilikuwa kimeshakua. Kwanza yalikuja mabango yenye picha ya kiboko anayecheka. Baada ya mabango zikaja kamba, na baada ya kamba akaja askari, kijana aitwaye Chambuso, aliyewekwa ukingoni kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayeliwa na kiboko. Watu wote walikatazwa kuingia majini, kwa usalama wao.

Sasa, wanawake wa Kiwambale huishi kwa bwawa lile. Maji yakipungua huingia wawili wawili, wameshika kanga kuukuu kwa ncha zake, na kuiburura taratibu chini ya maji kukusanya uduvi. Wenyewe husema wanakwenda kutanda. Uduvi ule huanikwa, huliwa na huuzwa, na ndio uliomlea Hamdani, maana mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akachukuliwa na dada wa baba yake, Shangazi Mishi, aliyetanda mpaka kijana akavaa suti.

Shangazi Mishi akampigia simu ofisini.

"Hamdani, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Huku bwawani kuna kijana kavaa sare anatuambia tusiingie majini. Anasema mna viboko."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi nimezaliwa hapa. Nimeingia humo tangu sijui kusuka nywele. Hao viboko walipita wapi?"

Hamdani alifunga mlango wa ofisi kwa mguu. "Ni utafiti mpya, Shangazi."

"Utafiti."

"Ndiyo."

"Huyo aliyeufanya aliingia majini?"

"Hapana, Shangazi."

Hapo hapo Hamdani akatambua kwamba amelitamka. Neno lililomshinda mbele ya Waziri lilimtoka lenyewe mbele ya shangazi yake, mahali ambapo halikumsaidia mtu.

"Ni kwa muda tu," aliongeza.

"Muda wa serikali au muda wa tumbo?" Shangazi aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Akamwombea afya njema na kukata simu.

*

Waziri alikuja kukagua kabla ya uzinduzi. Kulikuwa kumejengwa njia ya mbao ya kutembea juu ya maji. Ili wageni waione mikoko vizuri, mikoko iliyokuwa ikiwaziba wasiione mikoko ilikatwa, na ile iliyobaki ikawekewa bango la kuwaomba wananchi waitunze. Vipaza sauti vilifungwa juu ya nguzo vitangaze, bila kuchoka, kwamba hapa ni mahali pa kimya. Waziri alipewa darubini kubwa, wakurugenzi wakapewa ndogo, na waliobaki wakaruhusiwa kukaza macho.

"Hao weupe?" Waziri aliuliza.

"Yangeyange, Mheshimiwa."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama tu, Mheshimiwa. Wanapumzika."

"Safi. Wameielewa sera kabla ya watu."

Mbele kidogo, juu ya gogo, alikuwa amelala kenge mkubwa akiota jua, ulimi ukitoka na kuingia. Waziri akamwelekezea darubini. "Na yule?"

Wasaidizi wakatazamana. Neno kenge, huko Mustarehe kama kwingineko, ndilo watu wanaloitana wakigombana, na Waziri mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo kwenye mkutano wa hadhara na umati mzima kwa pamoja.

"Ni mnyama mpole wa majini, Mheshimiwa," Hamdani alisema.

"Anaitwaje?"

"Jina lake linaandaliwa."

Baadaye aliwekewa kibao: Mjusi Mstahiki. Kenge hakujali, aliendelea kula mayai ya ndege kama zamani.

Walipofika mwisho wa mbao, mdiria alijitupa kutoka kwenye tawi, akapasua maji, akatoka na kisamaki kinachometameta. Hamdani alisimama. Aliona tena namna alivyokuwa akilala utotoni kifudifudi juu ya mizizi, akimngojea mdiria yule yule, au babu yake mdiria yule, mpaka Shangazi amwite kula. Akageuka amwambie Waziri. Waziri alikuwa akiongea na simu.

Alipomaliza kuongea, Waziri aliufagia uso wa maji kwa darubini yake, kutoka upande huu hadi ule, mara mbili.

"Viboko wako wapi?"

"Wamezama, Mheshimiwa."

"Wataibuka lini?"

Waziri akashusha darubini na kumtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Katika serikali ile hakuna aliyekuwa mjinga, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

"Sikiliza, Hamdani," alisema polepole. "Mabango yamebandikwa nchi nzima. Mtukufu ameshafundishwa hotuba. Mimi sikuulizi kama wapo. Nakuuliza watatokeaje."

*

Kiwanda cha magodoro cha umma kilipewa kazi ya dharura. Wakachonga kichwa na mgongo wa kiboko kwa sponji, wakaufunika kwa turubai la kijivu, wakaweka masikio, macho ya gololi, na matundu mawili ya pua ya kuonea nje. Mtu angeingia kwa chini, atembee majini ameinama, na kutoka ukingoni wageni wangeona kichwa na mgongo tu. Aliyechaguliwa alikuwa mwigizaji wa jumba la maonyesho la serikali, aliyesifika kwa kuigiza wafalme. Asubuhi ya uzinduzi mwigizaji alitazama maji, akamtazama Mjusi Mstahiki, akasema yeye hakusomea majukumu ya aina hiyo, akaondoka kwa pikipiki.

Msafara wa Rais ulishavuka daraja la mwisho. Waziri akawatazama wasaidizi wake mmoja mmoja.

"Nani mzaliwa wa hapa?"

Wote waligeuza nyuso upande mmoja.

"Na nani aliyesema wapo?" Waziri akaongeza, kwa upole kabisa.

Nyuma ya matete Mkurugenzi wa Burudani za Nje alivua koti, tai, viatu na saa. Wanaume wawili wa kiwandani wakamvisha mnyama. Ndani kulinuka gundi na godoro jipya. Maji yalipomfika kifuani, tope la chini likamshika nyayo kwa uvuguvugu alioutambua, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Hamdani aliona kwamba anaweza kulia bila mtu kumwona.

Kupitia matundu ya pua alimwona Mtukufu Rais kwenye kiti chekundu chini ya mwavuli. Aliwaona wanawake wa Kiwambale, wamevishwa kanga za sare zilizoandikwa PUMZIKA KWA BIDII, wakiimba juu ya bwawa ambalo hawakuwa wakiruhusiwa kuligusa. Shangazi Mishi alikuwa mstari wa mbele. Midomo yake ilikuwa ikienda, ila macho yalikuwa kwenye maji.

Rais akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu tumekuwa tukipumzika kiholela. Mmoja analala chini ya mti, mwingine anakaa barazani, kila mtu kwa matakwa yake. Hatuwezi kuendelea hivyo. Mapumziko yasiyo na mpango ni uvivu. Mapumziko yenye mpango ni maendeleo. Leo nimekuja hapa kutazama wanyama wetu, nao wapate nafasi ya kunitazama."

Huo ndio uliokuwa wito. Hamdani akaibuka.

Umati ulipiga makofi. Rais alipiga makofi. Waziri, alipoona Rais anapiga, akapiga kwa nguvu zaidi, na askari walipoona Waziri anapiga, wakawageukia wananchi kuona nani hapigi. Hamdani alitikisa masikio kama alivyofundishwa. Akaenda kushoto, akaenda kulia. Kwa kitambo kidogo, jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko yote, alijisikia fahari.

Lakini sponji ni sponji. Mafundi wa magodoro hawakuwa wamefikiria kwamba kiboko ataloa. Turubai liliachia kwenye mshono, maji yakaanza kunywewa, na mnyama akawa mzito, mara mzito zaidi, kama mtu aliyepandwa mgongoni na wenzake. Kichwa kikainama. Maji yakaingia puani mwa kiboko na puani mwa Hamdani. Alijaribu kusimama, tope likamng'ang'ania. Akajirusha, akapiga maji kwa mikono, akakohoa kikohozi kirefu cha binadamu.

Ukingoni waliona mnyama amepandwa na kichaa. Wanawake wakaacha kuimba. Mkuu wa walinzi akapiga hatua mbele, na bunduki zote zikaelekezwa majini.

"Mtukufu, rudi nyuma," alisema. "Anataka kushambulia."

Waziri alifungua kinywa. Alikuwa na neno moja la kusema, na lingetosha. Akakifunga.

Shangazi Mishi akavuka kamba. Alishuka majini na kanga zake mpya kama mtu anayeingia chumba cha jikoni kuzima moto. Askari Chambuso alimshika mkono. "Bibi, kuna kiboko."

"Niachie."

"Atakuua."

"Huyu?" Shangazi alisema, na akaipaza sauti ili wenye bunduki wamsikie. "Huyu namjua tangu mdogo. Nimemlea mwenyewe. Hana madhara, ni mwoga tu."

Akatembea mpaka maji yakamfika kiunoni, akafika kwa mnyama, akaingiza mkono chini ya turubai na kukishika kichwa cha Hamdani kwa nywele, akakiinua juu ya maji ndani ya kile kichwa kingine. "Pumua," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usiseme neno. Pumua tu, nifuate." Na akamkokota polepole kuelekea kwenye matete, huku kwa mkono mwingine akimpapasa yule mnyama mgongoni mbele ya taifa zima.

Makofi yalisikika hadi baharini. Rais, akiwa na machozi machoni, alisema hajapata kuona uhusiano wa namna hii baina ya raia na maliasili. Palepale akampa kiboko jina la Mshikamano. Akamteua Shangazi Mishi kuwa Mlezi wa Kiboko wa Taifa, cheo cha heshima kisicho na usumbufu wa mshahara. Na kwa kuwa sasa imethibitika mbele ya macho ya wote kwamba kiboko yumo, na kwamba anaweza kubadilika tabia ghafla, marufuku ya kuingia majini ikafanywa ya kudumu.

*

Jioni ile Hamdani alikaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni kwa shangazi yake, amejifunga shuka, akitetemeka. Shangazi alimpa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Alikuwa ametundika ile kanga ya sare kwenye mlango ikauke, na maneno yake yalikuwa yakichuruzika maji. Kwenye jiko hapakuwa na chungu.

Hamdani alimngoja amlaumu. Shangazi hakumlaumu. Alimuuliza kama maji yamemtoka masikioni.

"Yametoka, Shangazi."

"Nenda kesho ukawaambie kiboko amekufa."

Hamdani alizungusha kikombe mikononi. "Haiwezekani. Ameshapewa jina na Mtukufu. Akifa itaundwa tume. Watataka mzoga."

"Waambie amehama."

"Atatafutwa arudishwe."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelezwa ugonjwa usio na dawa. "Basi sisi tutakula nini, Hamdani?"

Hakumuuliza kwa kumsuta. Aliuliza kama mtu anayeuliza ofisini, kwa mkurugenzi anayehusika, na hapo Hamdani aliona afadhali angezama.

"Shangazi," alisema mwishowe, "wewe ulijuaje kwamba ni mimi?"

"Ulikohoa. Kikohozi hicho nimekikeshea miaka mingi."

*

Haukupita muda akaitwa Ikulu kuvishwa nishani ya uhifadhi. Njia nzima alijifunza sentensi moja. Aliisema kimoyomoyo garini, akaisema kwenye ukaguzi, akaisema kwenye kochi la kungojea. Rais alipomkaribia na nishani mkononi, wakiwa wawili tu na mpiga picha, Hamdani aliitoa, na kwa ajabu haikugeuka njiani.

"Hapana, Mtukufu. Kiwambale hakuna kiboko. Yule nilikuwa mimi."

Rais alimwambia mpiga picha atoke kidogo. Kisha akakaa, akavua miwani na kuisafisha kwa tai.

"Najua," alisema.

Hamdani alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi nimekulia kando ya mto, ndugu yangu. Viboko wamekula mahindi ya mama yangu. Kiboko hakohoi vile, wala hana kiwiko."

"Sasa mbona Mtukufu ulipiga makofi?"

"Waziri wako alikuwa ananikodolea macho. Nikaona amehangaika mno, nisimwaibishe. Naye alipiga kwa sababu mimi napiga. Wananchi nao walijua, ulidhani hawakujua? Nimeziona nyuso zao. Walipiga kwa sababu askari wanawatazama, na askari walijua pia." Akavaa miwani. "Nchi nzima inajua, Hamdani. Ndiyo maana kuna utulivu. Wewe tu ndiye uliyekuwa ndani, hukuweza kuona."

"Mtukufu, kuna akina mama pale hawana chakula."

Rais alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ni jambo la kusikitisha," alisema. "Lakini mimi nitamwondoaje kiboko niliyempa jina? Wataniona vipi?" Akambandika nishani kifuani, akailaza vizuri kwa kiganja. "Jumamosi wageni wa matembezi wanaanza kuja. Waambie wale wa magodoro safari hii waweke plastiki, vazi lisinywe maji."

*

Jumamosi, bwawa la Kiwambale lilijaa watu wa mjini walioletwa kwa mabasi kufurahi. Walijipanga kwenye njia ya mbao, wakila karanga kwa utaratibu, na vipaza sauti vikiwakumbusha kwamba hapa ni mahali pa kimya. Askari Chambuso alimpigia mkurugenzi saluti.

"Bosi, vazi lipo bandani. Limetiwa plastiki."

"Nimeliona," Hamdani alisema.

Akavua viatu, akaviweka kando ya kamba. Akaingia majini na suruali yake na shati jeupe, akatembea mpaka maji yakamfika kifuani, akageuka kuwaelekea watu. Hakuwa na hotuba. Uso ulimwaka kama aliyepigwa na mvuke wa chungu.

"Kiboko ni mimi," alisema.

Alitegemea mshangao, au kelele, au angalau mtu mmoja amzomee. Karanga ziliendelea kutafunwa. Mzee mmoja mwenye kofia ya jua, aliyekuwa amewaleta wajukuu wake, akaegemea kizuizi cha mbao na kumjibu bila ubaya wowote:

"Tunajua, bwana. Anza basi, watoto wanasubiri."

Hamdani alibaki amesimama. Hakuwa na mahali pa kwenda. Mbele yake walikuwa wale waliokuwa wakijua, na nyuma yake mikoko iliyokatwa. Yangeyange mmoja alitua kwenye kisiki, akamtazama, akaruka.

Shangazi Mishi ndiye aliyeshuka. Alikuja na kanga kuukuu begani, na wanawake wengine nyuma yake. Chambuso alinyoosha mkono kuwazuia, lakini si kwa nguvu.

"Bi. Mishi, sheria."

"Inasemaje, mwanangu?"

"Watu wasiingie kiboko akiwa majini."

"Basi mtoe kwanza kiboko."

Chambuso alimtazama mkurugenzi wake, aliyelowa mpaka kifuani na nishani ya taifa ikiwa bado imebandikwa kwenye shati. Halafu akaenda kukaa kivulini na kuwapa mgongo, akawa anatazama barabara kwa makini sana, kana kwamba hatari yote ya nchi ile ingetokea upande huo. Na tangu siku hiyo hukaa vivyo hivyo maji yakipungua. Hamdani alifukuzwa kazi wiki iliyofuata kwa kosa la kuingia kazini bila sare, na serikali mpaka leo inasisitiza kwamba kiboko yumo ila ni mwenye haya. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ile Shangazi alimkuta pale pale majini, akafungua kanga, akamtia ncha mbili mikononi.

"Shangazi, mimi..."

"Vuta."

"Nataka kukuambia..."

"Usinitazame, Hamdani. Vuta."

Akavuta. Mikono ilikuwa imesahau, akawa anaenda mbio, kanga ikakunjamana, na Shangazi akamsubiri, wakaanza tena. Waliburura kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wanawake wengine wakifuata, na watu wa mjini wakapiga picha wakidhani hiyo ndiyo sehemu ya pili ya onyesho. Uduvi ulikuwa haba. Ulikuwa ukizaliana penye mizizi, na mizizi imekatwa ili wageni waone vizuri; hakuna aliyemwambia hilo, na hakukuwa na haja ya kumwambia.

Walipotoka, wanawake waliumwaga ule uduvi kidogo juu ya jani la mgomba wakaugawa mafungu, kila aliyevuta fungu lake. Yalikuwa mafungu madogo ya kutia uchungu. Shangazi Mishi alichota moja, akamnyooshea Hamdani.

"Shangazi, mimi sistahili."

"Sikukuuliza hilo," alisema Shangazi. "Umevuta."

Fungu lilikuwa sawasawa na ya wengine, halikupungua wala halikuzidi. Hamdani alikinga viganja vyote viwili na kulipokea, maji yakimchuruzika kwenye viwiko, akasimama hivyo hivyo mbele ya shangazi yake, mikono imejaa, asipate hata mkono mmoja wa kujifunika uso.